Barua za Kuitikiwa

Siku mliyoniaga nilipostaafu mlinipa mkoba wa ngozi wa kubebea makaratasi. Nilishukuru kwa moyo wote, ingawa njiani nilijiuliza mtu aliyeondolewa kwenye makaratasi atabeba nini humo. Kwa sasa una mbegu za alizeti, na panya hawajauweza.

Mliniomba pia niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla ninyi wawili hamjaletwa. Nimekaa hapa Mwankoko, upepo unalitikisa bati kama kawaida yake, na hakuna mtu wa kuniambia nisiandike. Sitawasimulia vyeo, kwa sababu nilipanda kimoja tu na nusu ya watu ofisini hawakugundua. Mshahara nao tuuache, mnaufahamu wenyewe. Nitawaandikia habari za barua, kwa kuwa ndizo zilizokula miaka yangu, na hasa kasha moja lililotoka nyumba ya nyuma ya soko. Mtalikuta stoo, rafu ya chini, limefungwa kwa kamba ya katani.

Nilifika ofisi ya utamaduni nikiwa na shahada ya historia, nywele nyingi, na maoni mengi kuliko nywele. Mkuu wa kitengo alikuwa Bi Agnes, mama wa Kinyiramba mwenye sauti ya chini na birika la chai ya rangi lisiloondoka mezani. Aliisoma barua yangu ya ajira, akafungua droo, akanipa brashi laini ya kupakia rangi, mpya kabisa.

"Tunaanza na ukuta upi, mama?" nikauliza. Nilitaka aone kwamba wasomi wa siku hizi hatudharau kazi za mikono.

"Ukuta gani, Elia? Hiyo ni ya kufutia vumbi barua."

Kwa muda mrefu baada ya hapo alinitambulisha kwa wageni kama fundi rangi wetu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katika karne ya kumi na tisa misafara ilipita pande zetu hizi ikitoka pwani kwenda Tabora na kurudi. Wafanyabiashara na makarani wao waliandikia nyumbani, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya mwanzi. Baadhi ya familia za Singida mjini, Manyoni na Itigi bado zilikuwa na barua hizo, zimewekwa ndani ya mito, katikati ya misahafu, kwenye makopo ya biskuti. Sisi tulikwenda kuziomba. Tukikataliwa, tulizinakili palepale kwa penseli. Kalamu ya wino ilikuwa marufuku, maana tone moja tu lingeharibu karatasi iliyovuka pori la Mgunda Mkali ikiwa salama.

Bi Agnes alinifundisha kwamba karatasi iliyokunjwa miaka mingi hainyooshwi kwa kiganja. Unaiweka mbali kidogo juu ya bakuli la maji ya moto lililofunikwa kitambaa, unaiachia mvuke, unakwenda kunywa chai, unarudi. "Chai ni sehemu ya kazi," aliniambia, "usije ukafikiri nakunywa tu." Alinifundisha pia kutoomba barua siku ya kwanza ya kuingia nyumba ya mtu, kutoweka sanduku la bati chini kwenye mchwa, na kutoamini dereva anayesema anarudi sasa hivi. Herufi zenyewe nilijifunza madrasa, juu ya jamvi, nimebanwa katikati ya watoto walionizidi maarifa. Maalim hakunihurumia kwa sababu ya shahada. Mtoto mmoja aliniuliza kwa upole nimerudia darasa mara ngapi.

Mtu akianza kazi hii anatarajia kusoma habari za pembe za ndovu na vita. Mimi nilitarajia hivyo. Nikakuta mtu yuko katikati ya pori, wapagazi wamekimbia na mizigo ya shanga, maji yanakaribia kwisha, naye anauliza kama paa la upande wa jikoni limeshaezekwa. Mwingine anaimaliza homa yake kwa mstari mmoja, kisha anatumia nusu ukurasa kumlalamikia mbuzi wa jirani. Kazi ilikuwa huku bara, nyumba ilikuwa kule pwani, na karatasi ndiyo iliyoachiwa jukumu la kuwa mume na baba. Tulipopeleka taarifa yetu makao makuu, tuliulizwa kama barua zina jambo lolote la maana. Bi Agnes akajibu kwa barua rasmi kwamba zina mbuzi.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti peke yake yakajaa redio kaseti na sabuni za kila rangi, na mitumba ikaanikwa hadi kwenye ukuta wa ofisi yetu. Sikulalamika. Suruali niliyovaa siku ya kumuaga Bi Agnes ilitoka ukutani hapo. Naye aliondoka kwa sababu ya upepo uleule: serikali ilikuwa inapunguza watumishi, jina lake likawemo, akaenda Kiomboi kufuga kuku. Mhudumu wetu naye akapunguzwa. Kitengo kikabaki na mtu mmoja, mimi, pamoja na birika, ambalo Bi Agnes alisema kwa haki ni mali ya serikali.

Mke wangu alikuwa muuguzi Tabora. Kila mwaka tuliomba uhamisho, yeye wa kuja huku, mimi wa kwenda huko, na hofu yetu kubwa ilikuwa yakubaliwe maombi yote mawili siku moja. Kwa hiyo mchana nilisoma waume wa zamani wakiwaulizia watoto wao, na jioni nilipokaa kuandika ya kwangu nilikuta maneno mazuri wameshayatumia. Barua zetu zilizidi kufupika. "Sisi wazima, mvua bado, mwanetu Neema amefaulu." Ungeweza kuimaliza umesimama mlangoni. Ofisini nilianza kuliaga birika kila jioni, na niliona ajabu siku niliyosahau kuliaga nikarudi.

Katika hali hiyo ndipo nilipokwenda nyumba ya nyuma ya soko.

Ilikuwa nyumba ya udongo yenye baraza ndefu, mali ya Bi Zuhura, mjane wa muuza nguo. Babu wa marehemu mumewe, jina lake Hamadi, alikuwa mtu wa misafara. Aliiandikia familia yake pwani kwa miaka, mpaka mkewe alipochoka kusoma akafunga mizigo, akapanda bara kumfuata, barua zote zikiwa kichwani mwa mpagazi. Wajukuu ndio waliohamia Singida kufungua duka. Sasa mfanyabiashara wa vipuri alikuwa amekinunua kiwanja chote ili ajenge fremu za maduka. Watoto wa Bi Zuhura walikuwa wamekubali, na yeye angehamia Shelui kwa mwanawe wa pili. Mimi nilitaka kasha la barua kabla halijapotea katika hamahama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mtu wa serikali wa makaratasi mabovu?"

"Ndiye mimi."

"Basi kaa. Siyo hapo, kamba zimekatika, utafika chini kabla ya salamu kwisha."

Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alilipapasa kasha, akalifungua, akanipa barua ya juu. Nilitoa lenzi, nikatoa penseli, nikaanza kusoma kimya kama nilivyozoea, huku nikiandika kwenye karatasi yangu. Nilifurahi sana. Mwandiko ulikuwa safi, na Hamadi alikuwa mtu wa maneno. Nilipofika katikati, mkono ulikuja ukaichukua barua kutoka vidoleni mwangu.

"Kuna tatizo, mama?"

"Mtu amekusalimu. Amemsalimu mkewe, amewasalimu watoto, amewasalimu wote waliomo nyumbani. Na wewe umemkodolea macho tu, kama mbuzi anayetazama gari!"

"Nilikuwa nanakili."

"Ungekuwa wangu wa kuzaa ningekupiga kofi."

Ndipo akanieleza desturi ya nyumba ile, ambayo sikuwa nimeikuta kwingine. Kila mwaka, alasiri ya sikukuu ya Idi, mumewe alikuwa akilifungua kasha na kuzisoma barua kwa sauti, na kila aliyesalimiwa ndani ya barua alilazimika kuitika. Kwa kuwa waliosalimiwa walikuwa wamekufa zamani, nafasi zao ziligawiwa. Bi Zuhura aliitika kwa niaba ya mke wa Hamadi. Mwanawe mkubwa, Rajabu, alikuwa Athumani, mtoto wa kiume wa Hamadi. Wa pili, Shabani, alikuwa Saidi, shemeji yake Hamadi aliyeachiwa ulinzi wa nyumba. Na kitinda mimba, Mwajuma, alikuwa Fatuma, binti mdogo aliyesumbuliwa na kikohozi. Walianza wakiwa hawajui kusoma, na mpaka wanaota ndevu na kuolewa walikuwa wakiitika.

"Toka baba yao afariki hazijasomwa," alisema. "Mimi sioni, wao wametawanyika. Sasa sikiliza. Kasha utachukua, mimi Shelui naenda kulala chumba kimoja na matairi, sina pa kuliweka. Lakini kwanza zisomwe humu ndani, na wanangu wote watatu waitike. Mara moja tu. Yule bwana akishaezua bati, salamu itaingia nyumba gani?"

"Uwapelekee habari, mama, watakuja."

"Nimeshapeleka. Wananijibu nisubiri. Nenda wewe, wakuone na shati la kazi."

Shida yangu ilikuwa kasha. Yake ilikuwa sauti tatu katika chumba kimoja kabla ukuta haujaanguka. Niliona yake ni kubwa kuliko yangu. Niliona pia kwamba nilikuwa sijatumwa na mtu mahali popote kwa muda mrefu, na hilo lilinipa mwendo.

Gari la ofisi lilikuwa juu ya mawe, kwa hiyo nilikwenda Shelui ndani ya lori la chumvi. Shabani alikuwa na kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara kuu. Nilikuta miguu yake tu, imetokeza chini ya lori.

"Shabani?"

"Pancha au springi?"

"Nimetumwa na mama yako."

Kichwa kikatoka haraka. "Anaumwa?"

"Haumwi. Anataka uje zisomwe barua za Hamadi, kabla nyumba haijabomolewa."

"Haumwi!" Kichwa kikarudi chini. "Bwana Utamaduni, umenishtua bure. Haya magari yakishuka mlima Sekenke yanafika hapa yanalia. Nikifunga kibanda siku moja, unamwona yule wa pale mwenye kofia? Anayachukua yote. Zamani gereji ilikuwa moja. Ukienda msibani, wateja wanakusubiri wiki, tena wanakupa pole. Sasa ruksa."

"Mama yako anasema ni mara moja tu."

Kutoka chini ya lori ikaja sauti ya mzee, nzito, ya kuigiza: "'Na shemeji yangu Saidi nisalimie, umwambie mlango wa uani asiuache wazi.'" Halafu yake mwenyewe: "'Waalaykum salaam, shemeji. Mlango tumefunga, na ufunguo ninao.' Umesikia? Neno kwa neno. Mwambie mama sijasahau."

"Si uje umwambie mwenyewe?"

"Nitakuja na lori siku ya kumhamisha. Si siku ileile?"

"Siyo ileile."

"Kwako wewe mtu wa serikali siyo, kwangu ni ileile. Nipitishie hiyo spana."

Nikampa spana. Nilirudi na mafuta kwenye shati la kazi.

Itigi nilikwenda kwa basi hadi Manyoni na kwa treni ya mizigo kutoka hapo, jambo ambalo siwashauri. Mwajuma aliuza asali na mayai ya kuchemsha kwa abiria, kwenye jukwaa la stesheni. Mumewe alikuwa fundi wa reli, na siku hizo majina ya wa kupunguzwa yalikuwa yanatarajiwa kubandikwa wakati wowote. Alinisikiliza beseni likiwa kichwani, kwa sababu akilitua wenzake wangechukua nafasi.

"Kaka, nitakuja," alisema mara moja. "Mimi ndiye mdogo, nisipokuja mama atasema nimeolewa na reli."

"Kweli utakuja?"

"Treni ya abiria ikishapita tu, napanda hiyohiyo. Nani atasoma?"

"Mimi."

Alinitazama kutoka juu hadi chini. "Unajua kusoma taratibu? Baba alikuwa anasoma taratibu, ili kila mtu apate zamu yake."

"Nitasoma taratibu."

"Na usicheke kabla ya wakati." Akanipa chupa ya asali nimpelekee mama, kisha filimbi ikalia akaniacha nikiwa katikati ya sentensi.

Rajabu alikuwa Dar es Salaam. Nilimpigia simu kutoka posta, kwa kupiga kelele, mbele ya foleni nzima. Alisema kazi imembana, lakini atafanya kitu. Kitu hicho kilikuja kwa mkono wa utingo wa basi: kanda ya kaseti, imeandikwa "Mama" kwa wino mwekundu. Rajabu alikuwa amejirekodi akiitika.

Siku yenyewe ilifika kabla hatujawa tayari. Mwenye vipuri alikuwa na haraka, na mafundi wake walianza kuezua chumba cha nyuma tangu asubuhi. Lori la Shabani lilikuwa limeegeshwa mbele ya baraza, limepakiwa nusu. Nilikuwa nimeazima redio kaseti ya kinyozi wa sokoni, aliyenikabidhi kwa masharti mengi kuliko ya Bi Zuhura. Bi Zuhura mwenyewe alikuwa amevaa kanga mpya na kukaa kwenye kiti chake, katikati ya chumba cha mbele kilichobaki kitupu.

"Basi la Manyoni limefika?" aliniuliza.

Nilikwenda stendi nikatazama. Lilikuwa limefika, watu wameshuka, utingo anafagia maganda ya miwa. Nilirudi nikamwambia Mwajuma hakuwemo. Akanituma tena, huenda kuna basi la nyuma. Halikuwepo. Shabani alikuwa anahangaika na lori lake.

"Mama, lazima tushuke Sekenke na mwanga. Lori halina taa ya kushoto."

"Umeona nimeshika usukani wako?" Bi Zuhura alimjibu. Kisha akanigeukia, sauti imeshuka. "Soma."

Nikasoma, taratibu. Nilitaja jina la Mungu, nikasoma salamu za Hamadi kwa mkewe, na Bi Zuhura akaitika, "Waalaykum salaam, baba Athumani. Tumepokea, na sisi tunakuombea." Hakuigiza. Aliitika kama mtu anayejibu kutoka chumba cha pili. Nilifika kwa Athumani, nikabonyeza kaseti kwa kidole cha mkono usio na barua. Sauti ya Rajabu ikatoka na honi za magari nyuma yake: "Waalaykum salaam, baba. Mimi Athumani mzima, juzuu nimemaliza." Nikawahi kubonyeza cha kuzima, lakini mashine ya kinyozi ilikuwa nzito ya kusikia, ikaendelea: "Waalaykum salaam, baba, viatu vimenitosha. Waalaykum salaam, baba, nimekoma kupigana." Alikuwa ameitika barua zote mfululizo, bila kupumua.

Bi Zuhura akatikisa kichwa. "Anajibu kabla hajasalimiwa. Hata udogoni alikuwa hivyohivyo. Mzime."

Kabla sijaizima, Rajabu alisema, "Mama, Idi ijayo nitakuja," halafu muziki wa dansi uliokuwa kwenye kanda hapo awali ukamfunika.

Nikaendelea. Nilipofika kwa shemeji Saidi, nilitazama mlangoni. Shabani hakuwepo. Alikuwa uani na fundi mmoja, wamebeba kabati la marehemu baba yake, wanalipitisha kwenye korido wakigongana na kuta. Nilisoma tu. "Na shemeji yangu Saidi nisalimie, umwambie mlango wa uani asiuache wazi." Kutoka chini ya kabati, bila kutua mzigo, bila hata kupunguza mwendo, Shabani akasema, "Waalaykum salaam, shemeji. Mlango tumefunga, na ufunguo ninao." Kabati likapita mbele yetu likatoka nje. Mlango wa uani wenyewe ulikuwa umeshang'olewa, umelazwa juu ya lori.

Bi Zuhura alikuwa amefumba macho, ameinua kidevu kidogo.

"Na mwanangu Fatuma nisalimie sana," nikasoma. "Kikohozi kimemwachia?"

Hapakuwa na wa kuitika. Nyundo zililia nyuma. Niliona ukimya umezidi, na kwa kuwa mtu ukikaa peke yako sana unakuwa mwepesi wa kujaza mahali patupu, nikafungua mdomo, "Waalaykum sa..."

"Acha," Bi Zuhura akasema. "Huyo ana mwenyewe."

Tukangoja. Kila barua tuliyosoma ilifika kwa Fatuma, na kila ilipofika kwa Fatuma tulingoja. Shabani aliitika zake kutoka barazani, kutoka juu ya lori, mara moja akiwa na kamba kati ya meno. Kaseti sikuiwasha tena; Bi Zuhura alisema Rajabu ameshasikika. Barua chache za mwisho zilipobaki, bati la chumba chetu lilianza kuinuliwa, jua likaingia kwa mkupuo, na vumbi la miaka yote likatushukia. Nililifunika kasha kwa shati langu.

"Tuishie hapo," alisema. "Hatujamaliza, lakini tuishie hapo."

"Mama, kasha unaweza kukaa nalo mpaka..."

"Chukua. Nilikuahidi. Ila ukiwa unasoma huko kwenu, soma kwa sauti. Na mwanangu Mwajuma mwachie nafasi yake."

Walimpandisha mbele, karibu na dereva. Kiti chake kilifungwa juu kabisa ya mizigo, na kwa muda mrefu barabara ya Nzega nilikiona chenyewe tu, kitupu, kinayumba. Halafu nikalibeba kasha hadi ofisini. Nilikuwa nimepata nilichotumwa na serikali kukipata, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Sasa kwa ninyi. Mtakapolifungua kasha hilo mtataka kunakili kimya, kama nilivyotaka mimi. Someni kwa sauti. Mlinzi atadhani mmechanganyikiwa, mimi alishanizoea. Msizinyooshe kavu kwa haraka, msitumie gundi, na msiandike kwenye taarifa kwamba hazina jambo la maana.

Mwajuma alifika siku kadhaa baada ya lori kuondoka. Treni ya abiria ilikuwa imekwama huko Tabora, na ilipopita hatimaye aliipanda na beseni lake. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya soko akakuta vijana wanachanganya saruji. Walimwelekeza kwangu. Alisimama mlangoni pa ofisi na fundo la kanga mkononi, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Kaka, mama alikasirika?"

"Hakukasirika. Alikungoja."

"Waliitika wote?"

Nilimweleza, kabati na kaseti. Alicheka kidogo kwa kabati. Nilimmiminia chai kutoka kwenye birika la serikali, akaishika bila kuinywa. Kisha akasema, "Nisomee moja. Ile ya kikohozi, halafu niwahi basi la Shelui."

Nilifungua kasha. Nilisoma taratibu, tangu jina la Mungu. Nilipofika kwa mke wa Hamadi nilinyamaza kidogo, naye akanyamaza. Kwa Athumani tukanyamaza. Kwa shemeji Saidi nilimwona akigeuza shingo kutazama dirishani, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akikaa upande ule.

"Na mwanangu Fatuma nisalimie sana. Kikohozi kimemwachia?"

Mwajuma alitua kikombe. Akajinyoosha kwenye kiti cha ofisi, mama mzima wa watoto, akaweka kiganja kifuani, akakohoa kikohozi kikubwa cha uongo, cha kupasua ukuta, akakizidisha tena kwa kishindo. Halafu kwa sauti nyembamba ya mtoto akasema, "Waalaykum salaam, baba. Nimeshapona!"

Akangoja. Alinitazama mimi, akatazama makabati ya mafaili, akanitazama tena. Mimi nilikuwa nimeshika barua, nangoja aendelee.

"Hapo," aliniambia taratibu, "huwa wanacheka."